Kuzunguka Ziwa Victoria kwa gari la kukodi kutoka Kisumu: bajeti ya watu wanne, na mbona kampuni hazitaki magari yavuke mpaka?

#1 Nyamasaria_Kwetu
Wadau, salaam. Tuko wanne, tunapanga kuzunguka ziwa lote Disemba kwa gari la kukodi la injini ya cc 1500. Njia ni hii: Kisumu, Ahero, Kisii, Migori, Isebania. Tuvuke Sirari, Tarime, Bunda, Mwanza, kisha daraja jipya la Kigongo–Busisi hadi Geita, Biharamulo, Muleba na Bukoba. Kutoka hapo Mutukula, Masaka, Kampala, Jinja, Busia, nyumbani. Ramani inanipa karibu kilomita 1,500. Siku 7.

Hesabu yangu, kwa shilingi za Kenya: gari 4,500 kwa siku, jumla 31,500. Petroli, gari lenyewe linasemwa linatembea kilomita 20 kwa lita, kwa hiyo lita 75, nikipiga 180 kwa lita ni 13,500. Vyumba viwili vya 2,000 kwa usiku 6 ni 24,000. Chakula 800 kwa kila mtu kwa siku, 22,400. Jumla 91,400, yaani 22,850 kwa kichwa.

Naomba mnikosoe. Na swali la pili: kila nikitaja Tanzania, wenye magari wanakataa au wanaongeza bei. Sababu hasa ni nini?

#2 FundiKondele
Kilomita 20 kwa lita uifute. Hiyo ni namba ya gari tupu, barabara tambarare, dereva mmoja. Ninyi ni watu wazima wanne na mizigo, kuna mlima wa Kisii, na AC itawaka kuanzia Bunda. Weka 14. Kilomita 1,500 kwa 14 ni lita 107, ongeza asilimia kumi ya kuzunguka mijini, unafika 118. Andika 120. Kwa bei yako hiyo ni 21,600, si 13,500.

Tairi zipime asubuhi zikiwa baridi, kabla gari halijatembea. Kibandiko cha upepo kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva na mara nyingi kina vipimo viwili, gari tupu na gari lililojaa. Fuata cha lililojaa. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mzito linachemka ukutani, kisha linapasuka saa nane mchana katikati ya Bunda na Lamadi ambapo jua halina huruma.

#3 Section58
Kuhusu kukataa, sababu ni traka, kile kifaa kinachoonyesha gari liko wapi. Laini ya simu iliyo ndani ya traka ni ya hapa, ikivuka mpaka inanyamaza. Mwenye gari akifungua simu yake anaona gari limesimama Isebania siku nne. Nani atakubali?

#4 Bima_Wazi
Section58, traka ni sehemu tu, na traka nyingi za siku hizi zina laini inayofanya kazi nchi jirani. Kinachowazuia ni bima. Naomba nieleze taratibu kwa sababu hapa ndipo watu wanapotea.

Bima ya gari la Kenya imeandikwa eneo lake. Nyingi zinasema Kenya, na mwenye gari anaweza kulipa zaidi eneo lipanuliwe. Kuna pia Kadi ya Manjano ya COMESA, ile jumuiya ya soko ya mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo unaikatia kwa kampuni ileile iliyotoa bima ya gari. Hiyo kadi inalipa madhara utakayomfanyia mtu mwingine huko nje, na matibabu ya waliomo ndani ya gari. Gari lenyewe hailigusi. Ukiligonga gari hilo kwenye mti kule Muleba, na bima kubwa (inayolipia gari lenyewe) haijapanuliwa hadi Tanzania, bodi, injini na kulivuta hadi Kisumu ni deni lako.

Kwa hiyo unahitaji vitu viwili, si kimoja: Kadi ya Manjano, na barua ya kampuni ya bima inayosema bima kubwa imepanuliwa hadi Tanzania na Uganda kwa tarehe zako. Na kwenye kadi angalia orodha ya nchi. Zisizohusika zinakatwa kwa mstari. Ukikuta Tanzania imekatwa, rudisha hapohapo kaunta.

#5 Lurambi_Boy
Tanzania si mwanachama wa COMESA, walitoka 2000. Hiyo kadi haitafanya kazi Sirari. Nunueni bima ya mpakani tu.

#6 Bima_Wazi
Lurambi, kutoka walitoka, lakini mpango wa Kadi ya Manjano wamebaki nao. Kadi inatambuliwa Tanzania. Bima ya mpakani ipo, ila nayo inalipa madhara ya mtu mwingine tu, si gari lenyewe, na ukiinunua Sirari utainunua tena Mutukula.

#7 MhasibuMilimani
Mfungua uzi, bajeti yako ni nzuri kwa mpangilio lakini ina mashimo manne.

Kwanza, dhamana. Wengi wanashika pesa mkononi hadi gari lirudi, na ukisema unavuka wanaongeza. Si gharama ikirudi, lakini safarini huna. Usiihesabu kama pesa ya dharura.

Pili, kile kiasi unachobeba mwenyewe kabla bima hailipi, ekses. Uliza kiko vipi kwa shilingi, si kwa asilimia, na kiandikwe kwenye mkataba.

Tatu, kilomita. Mikataba mingi ina kikomo kwa siku. Chukulia ni 200: siku 7 ni 1,400. Ninyi mtatembea kama 1,650 pamoja na mijini. Zilizozidi ni 250, na zikitozwa 20 kila moja, hiyo ni 5,000 ambayo haimo kwenye hesabu yako. Ijadili kabla ya kusaini, siku ya kurudisha hakuna mjadala.

Nne, karatasi zenyewe: kadi, kupanua bima, ada ya mwenye gari ya kuvuka, na ada za forodha. Ukirekebisha petroli peke yake ushafika 99,500. Mimi ningeanza na 30,000 kwa kichwa na kurudisha chenji.

#8 MpakaniBusia
Habari za humu. Nafanya kazi ya kutoa karatasi za magari hapa mpakani, niongeze yanayokwamisha magari ya kukodi.

Barua ya ruhusa lazima itoke kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye logbuku, hati ya umiliki wa gari. Hapa ndipo balaa. Wengi mnaowaita kampuni pale Kisumu na Nakuru ni madalali: gari ni la mwalimu fulani wa Bondo, dalali analikodisha. Barua ya dalali haisaidii kitu. Ikiwa ni gari la kampuni, iwe na kichwa cha kampuni, muhuri, na sahihi ya mkurugenzi. Iandikwe namba ya gari, namba ya chesisi, namba ya injini, jina la dereva na namba ya kitambulisho chake au pasi, nchi zote mtakazopita, tarehe ya kutoka na ya kurudi. Kama mtapokezana usukani, majina ya madereva wote yawe ndani. Ipitishwe kwa wakili, igongwe muhuri, mbebe nakala tatu.

Kama gari lina mkopo, jina la benki liko kwenye logbuku pia, na barua ya benki inahitajika. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa ya kukataliwa ambayo hakuna mwenye gari atakuambia usoni. Hataki kwenda benki kuomba ruhusa ya kulikodisha gari aliloliandikisha kama la nyumbani.

Sasa, kitu cha kuangalia mwenyewe kabla hujalipa hata shilingi: fungua boneti, soma namba ya injini iliyochongwa kwenye bloku, tarakimu moja moja, linganisha na logbuku. Magari mengi ya kukodi yamebadilishiwa injini, na logbuku haijarekebishwa. Hapa Kenya hakuna anayekuuliza. Kwenye dawati la forodha, afisa akitoka na tochi akakuta bloku inaishia 4 na karatasi inasema 9, siku yenu imeisha.

#9 Nyamasaria_Kwetu
Hili la injini sikuwa nalo kabisa. Shukrani, MpakaniBusia. Bima_Wazi, nikimuuliza mwenye gari, namuuliza nini hasa ili nijue bima yake inaruhusu kukodisha?

#10 Bima_Wazi
Mwambie akuonyeshe cheti cha bima, usome aina ya matumizi. Gari likikatiwa bima kama la matumizi binafsi kisha likakodishwa, kampuni ya bima ina haki ya kukataa madai, hata ndani ya Kenya, hata Kondele. Linatakiwa liwe limekatiwa bima ya gari la kukodisha kwa mtu anayejiendesha. Bima hiyo ni ghali, ndiyo maana wengine wanaikwepa, na ndiyo maana gari la 3,000 kwa siku linakutia wasiwasi kuliko la 5,000.

#11 MamaYala
Jamani, na sisi tunaosafiri na watoto je? Vyeti gani?

#12 MpakaniBusia
Mama, Uganda na Rwanda Mkenya mtu mzima anaingia na kitambulisho cha taifa. Tanzania ni pasi ya kusafiria au hati ya muda inayotolewa na uhamiaji. Mtoto awe na hati yake, na kama mzazi mmoja hayupo, bebeni barua ya ridhaa yake na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Halafu cheti cha homa ya manjano kwa kila mmoja. Chanjo inahesabika halali siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo msingoje wiki ya safari. Ukishaipata ni ya maisha, tangu 2016 haina tena ukomo wa miaka kumi.

#13 MweneMwanza
Habari zenu wakuu wa Kenya. Niongezee upande wa huku.

Kitakachowamaliza pesa Tanzania ni mwendo. Kila kijiji kina kibao cha 50, na 50 inaisha pale kinapoisha kibao, si pale nyumba zinapoisha. Trafiki anakupiga picha na tochi yake (kipima mwendo) mwanzo wa kijiji, anaituma kwa mwenzake aliye mbele, unasimamishwa kilomita mbili baadaye na picha yako ipo kwenye simu. Faini ni shilingi 30,000 za hapa kwa kosa, karibu 1,500 zenu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa wakala au kwa simu. Usimpe mtu pesa mkononi, omba karatasi. Deni linakaa kwenye namba ya gari, na gari la nje linaweza kudaiwa pale mnapotoka Mutukula.

Muwe na pembetatu mbili, kizima moto ambacho mshale wake uko kwenye kijani, na mikanda hata nyuma. Wanakagua.

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kama kilomita 3. Zamani mlikuwa mnapanga foleni ya kivuko, saa zinakatika. Sasa mnapita moja kwa moja kwenda Sengerema na Geita. Ukisoma maelezo ya zamani yanayokuambia utenge nusu siku ya kivuko, yapuuze.

Na kitu kingine: barabara ya Bunda hadi Lamadi inapita kando ya Serengeti, mtaona nyumbu na pundamilia bila kulipa chochote. Msidanganyike kuingia lango la Ndabaka kwa haraka tu. Gari la namba za nje linatozwa kwa dola, na bajeti yenu itakufa pale.

#14 Section58
MweneMwanza, hapo kwa nyumbu bila kulipa umeniuzia safari.

Swali kwa wote: si rahisi zaidi kupanda basi hadi Mwanza, kukodi huko, kuzunguka, na kurudi kwa basi? Karatasi zote za mpaka zinaisha.

#15 MhasibuMilimani
Inaisha kama huzunguki ziwa. Gari la Mwanza ukiliingiza Uganda umerudi kwa karatasi zilezile, na ukiliacha Kampala utalipa mtu wa kulirudisha. Kwa Mwanza, Bunda na Musoma peke yake, sawa, wazo lako linashinda. Kwa mduara mzima halishindi.

#16 FundiKondele
Upande wa kuanzia nao ni pesa. Anzeni Isebania. Jazeni tanki Kisumu. Hadi Mwanza ni kilomita 510 hivi, lita 36 au 37, na tanki la magari haya ni lita 42. Mnafika, ila kwa wembamba, kwa hiyo ongezeni lita tano Tarime au Bunda, msiingie Mwanza taa ya petroli ikiwaka.

Bei zenyewe: hapa kwetu mamlaka ya nishati, EPRA, inatangaza tarehe 14 ya mwezi, Tanzania mamlaka yao, EWURA, inatangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo nchi hizi mbili unaweza kupiga hesabu mapema. Uganda hakuna bei elekezi, kila kituo na yake. Masaka unaweza kukuta vituo viwili vinatazamana na bei tofauti. Msijaze cha kwanza mnachokiona.

#17 Lurambi_Boy
Mimi nasema waanze Busia. Sababu si petroli. Uganda karatasi zao ni nyepesi kwa Mkenya, mnazoea gari siku mbili za kwanza, mnajua kama lina ugonjwa mkiwa bado karibu. Kampala fundi na spea za magari haya zimejaa. Ukianza Tanzania, gari likianza kuchemka Geita huna pa kukimbilia.

#18 MpakaniBusia
Lurambi, hoja ya fundi naikubali, lakini ya karatasi naipindua. Kama karatasi zina kasoro, afadhali zikataliwe Isebania, kilomita 200 kutoka nyumbani, kuliko zikataliwe Mutukula baada ya kulipa siku tatu za gari na vyumba vya Kampala. Mnaanza na mlango mgumu.

#19 FundiKondele
Na ugonjwa wa gari unajulikana kabla ya kutoka, si Kampala. Lichukueni jioni moja kabla. Liendesheni hadi Maseno na kurudi, dirisha zikiwa wazi, redio imezimwa. Kwenye barabara tambarare iliyonyooka achieni usukani kidogo, likivuta upande mmoja, ni mpangilio wa magurudumu au breki inashika. Rudini, zimeni, ngojeni lipoe kabisa, fungueni kifuniko cha rejeta. Maji ya rangi ya kutu au yenye mafuta juu, mrudishieni mwenyewe. Vuteni kijiti cha oili, muone oili iko juu ya alama ya chini. Kisha fungueni nyuma: spea iko na upepo? Jeki ipo? Wilspana (spana ya magurudumu) inaingia kwenye nati za hilo gari? Mara nyingi iliyomo ni ya gari lingine, inazunguka hewani.

Kama spea ni ile nyembamba, imeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa. Si ya kusafiria kutoka Biharamulo hadi Bukoba, ni ya kukufikisha kwa fundi wa karibu.

#20 MamaYala
Na Kampala tunalala wapi kwa bei ya 2,000?

#21 Lurambi_Boy
Mama, msilale Kampala. Laleni Masaka au Jinja, bei ni nafuu na gari linapata maegesho ndani ya ua. Kampala piteni tu. Mkitoka Masaka, mkifika Busega shikeni barabara ya pembeni ya kaskazini, kilomita 21, inawatoa Bweyogerere. Hamgusi katikati ya mji. Ila msiipite saa kumi na moja jioni. Yule anayetaka Entebbe, barabara ya kasi inalipiwa tangu Januari 2022, gari dogo ni 5,000 za Uganda, na ile ya zamani bado ipo bure.

Jinja kwenye daraja la Nile msisimamishe gari kupiga picha, askari wapo. Kuku wa kuchoma ni pale Najjembe, msitu wa Mabira. Mnaletewa dirishani, kubalianeni bei kabla hamjashika kijiti.

#22 Section58
Nani alishawahi kuongeza Kigali kwenye mduara huu? Kutoka Mbarara hadi Katuna naona si mbali.

#23 MpakaniBusia
Inawezekana, mpaka wa Katuna na Gatuna ulifunguliwa tena Januari 2022. Lakini ni nchi ya tatu kwenye kadi, kwenye barua, na kwenye bima. Pia kule wanaendesha kulia, usukani wenu utakuwa upande wa ukingo wa barabara, na kulipita lori unahitaji abiria wa kushoto akuangalizie. Kamera za mwendo ni nyingi, 80 ndio mwisho nje ya mji. Mifuko ya plastiki itolewe mpakani. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, magari yanasimamishwa hadi saa tano hivi. Kwa siku 7 mimi singeiongeza.

#24 MweneMwanza
Usiku msiendeshe. Si majambazi ninaowaza, ni trela la miwa lisilo na taa. Yapo kwenu Awendo, yapo Lugazi na Kakira kule Uganda. Linatembea kilomita 20 kwa saa, miwa imetokeza mita nzima nyuma, na unaliona likiwa tayari kwenye kioo chako cha mbele. Saa kumi na mbili jioni muwe mmeegesha.

#25 Nyamasaria_Kwetu
Asanteni sana. Nimeongeza siku moja, zimekuwa 8, na nimepandisha hadi 30,000 kwa kichwa kama Mhasibu alivyosema. Tunaanzia Isebania. Ila swali langu la pili bado: traka, bima, benki. Ni ipi?

#26 Section58
Mimi nabaki na traka. Mwenye gari wa kawaida hasomi mkataba wa bima, anasoma simu yake. Mwambie utamlipia laini inayofanya kazi Tanzania uone kama hatalegea.

#27 Bima_Wazi
Atalegea hadi siku ya ajali. Mwenye magari matano na zaidi anaijua bima yake mstari kwa mstari, na ndio hao wanaokataa wazi.

#28 MhasibuMilimani
Kuna linaloweza kuwa jepesi kuliko yote hayo. Disemba gari linakodiwa kila siku kwa harusi na mazishi hapahapa, kwa kilomita chache. Kwa nini alipeleke Bukoba?

#29 MpakaniBusia
Kuna jingine ambalo halijatajwa. Mkiingia Tanzania au Uganda, gari linapewa kibali cha muda, chenye tarehe ya mwisho. Mkitoka lazima kifungwe kwenye mfumo, si kukirudisha tu kwa mlinzi wa lango. Wengi waliokodi gari wanapitiliza kwa furaha ya kurudi nyumbani, gari linabaki kwenye kompyuta kama bado liko ndani. Faini ya kupitisha siku inajumlishwa, na mwenye gari anagundua miezi sita baadaye mteja mwingine akizuiliwa. Waliowahi kupata hilo hawasikii tena neno mpaka.

Kwa hiyo ninyi, Mutukula kabla ya kuingia Uganda, simameni dawati la forodha ya Tanzania, mwambieni afisa akifunge kibali mkiona, apige muhuri wa kutoka kwenye nakala yenu, mpige picha. Busia fanyeni vivyo hivyo kwa cha Uganda. Picha hizo mbili mpelekeeni mwenye gari pamoja na funguo.